Bonde la Kinoo

Kichwa cha babangu nakijua kuliko ninavyoujua uso wangu. Nyuma ya sikio la kushoto pana uvimbe mdogo kama punje ya kunde. Utosini pana kovu la utotoni, alipoanguka ngazini. Na kisogoni nywele zake huota kwa mzunguko, hata mnyoaji asiyejua huziendea kinyume na kumwumiza. Kwa miaka sita, kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri, nilikinyoa kichwa hicho kwa wembe wa kukunja, ili Ijumaa aende msikitini na upara safi chini ya kofia. Hakuna aliyeniamuru. Jambo hilo nataka kuliweka wazi mapema, kwa sababu kwa muda mrefu nilijisimulia kisa hiki kana kwamba palikuwa na mtu aliyenifungia mlango.

Babangu alikuwa kinyozi. Katika nyumba yetu ya Kibokoni, Mombasa, alikuwa na chumba kimoja cha chini, chenye kiti, kioo na ukanda wa ngozi ulioning'inia msumarini. Humo alinyoa mabwana harusi, vitoto vya siku saba, na wazee waliokuja kwa ajili ya mazungumzo kuliko nywele. Mashine za umeme zilipoingia mjini hakuzichukia. Alisema tu kwamba mashine hupunguza, hainyoi. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu na mikono kutetema, aliufunga mlango wa chumba kile mwenyewe, akapanda juu na vitu vitatu: wembe, ukanda na kinoo.

Kinoo chenyewe ni jiwe la urefu wa shubiri moja, rangi ya jani la mkunazi lililokauka. Alikirithi kwa babake, ambaye naye alikipata kwa baharia wa Arabuni, au ndivyo ilivyosimuliwa. Mimi nilisomea miamba chuo kikuu. Nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kulitazama jiwe lile kwa kioo cha kukuzia, nikamweleza babangu kwamba ni tope la chini ya bahari, lililogandamizwa kwa mamilioni ya miaka mpaka chembe zake zikawa laini kuliko unga. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Na juu ya hayo yote, halitaki mafuta." Hiyo ndiyo iliyokuwa elimu yake ya miamba: jiwe hutiwa maji matupu, kwa ncha za vidole.

Nilirudi nyumbani kwa miezi mitatu. Ndoa yangu ilikuwa imekwisha bila kelele, mamangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na ndugu zangu wawili, mmoja Arabuni na mmoja Nairobi, waliona ni jambo jema kwamba kuna mtu nyumbani. Nikapata kazi ya kufundisha jiografia katika shule ya sekondari hapa kisiwani. Miezi mitatu ikawa mwaka. Siku moja babangu alijikata akijinyoa, nikamwona amekaa kitandani na taulo kichwani, akisubiri damu ikome, wala hakutaka nijue. Siku ile ndipo nilipoomba anifundishe. Niliomba mimi.

Alinifundisha kwa masikio. Alikaa kitini, kichwa ameinamisha kidogo, na mimi mkekani mbele ya jiwe. Wembe hulazwa ubavu, mgongo na makali vyote viguse jiwe. Makali yatangulie, mgongo ufuate. Na ukifika mwisho, ugeuze kwa mgongo wake, usiugeuze kwa makali. Mwanzoni jiwe hukwaruza. Baada ya muda hunong'ona. Mwisho hunyamaza, na wembe hunata majini kama hariri iliyolowa. Hapo ndipo unapoupeleka kwenye ukanda wa ngozi, na safari hii mgongo ndio hutangulia. "Bado," alikuwa akisema. "Bado. Wakwaruza upande wa kisigino, huku kwenye mpini. Haya, hapo. Sasa nyamaza wewe, jiwe liseme."

Katikati ya kinoo palikuwa na bonde. Ungeweka rula juu yake, ungeuona mwanga ukipita chini. Mikono miwili, ya babu na ya baba, ilikuwa imelila jiwe lile mpaka likawa kama mgongo wa punda aliyebeba mizigo maisha yake yote, na mkono wangu ulijifunza kuliteremka na kulipanda bila mimi kujua kwamba najifunza. Babangu alikuwa na kanuni moja aliyoitoa kwa babake, nayo haikuwa na mjadala: anyoaye ndiye anoaye. Mtu hawezi kushika shingo ya mwenziwe kwa makali asiyoyatengeneza.

Barua iliingia katika simu yangu nikiwa darasani. Chuo kimoja cha bara kilikuwa kikitafuta mwalimu wa elimu ya miamba, nami nilikuwa nimeomba nafasi ile miezi mingi nyuma bila ya kumwambia mtu. Walinitaka. Walinipa wiki tatu za kujibu, na siku ya mwisho ilikuwa Jumatatu. Nilikuwa na miaka arubaini na minne. Sikutarajia kutakwa tena na mtu yeyote kwa ajili ya kile nilichokisomea. Nilimaliza somo, nikarudi nyumbani kwa miguu, nikapika, nikala na babangu, na sikusema neno. Usiku huo nilihesabu ni nini hasa kinachonizuia. Chakula angeweza kupikiwa na binamu yangu wa nyumba ya pili, ambaye alikuwa akipika kingi kuliko tulacho. Dawa zake alizijua kwa kuzigusa. Kilichobaki ni Alhamisi.

Basi nikatafuta kinyozi. Nyuma ya soko la Marikiti palikuwa na kijana aliyetoka bara, aliyekuja Mombasa kufuata kazi ya reli, akaikosa, akafungua kibanda cha kunyolea. Nilimpenda kwa sababu alikuwa akikizungumzisha kichwa cha mteja kwa sauti ya chini wakati akikinyoa, kama anayemtuliza mbuzi. Nikamwomba aje nyumbani. Babangu nilimwambia kwamba nina kazi nyingi za shule, na hilo lilikuwa kweli nusu yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Watoka wapi?"

"Kwa leo natoka Marikiti, mzee. Kwa kuzaliwa natoka bara."

"Bara ni kubwa."

"Ni kubwa sana, mzee. Ndiyo maana nilipotea nikajikuta hapa."

Babangu alicheka, nami nikapumua. Kijana akatoa kishikio chake chenye wembe wa kutupa. Babangu akaomba kukishika, akakipapasa polepole kwa kidole gumba.

"Na huu ukishaninyoa, waenda wapi?"

"Natupa, mzee. Kila kichwa na wembe wake. Ndio usafi."

"Usafi naukubali. Lakini kitu kinachojua kitatupwa hakina haya." Akamrudishia. "Ukitaka kuninyoa, utaninyoa kwa wembe wangu, nawe ndiye utakayeunoa. Jiwe hilo hapo."

Kijana akapiga magoti mbele ya kinoo. Alijua kunoa, alikuwa amejifunza kwa ami yake, kwa visu na mikasi. Lakini mara tatu wembe uliyumba mkononi mwake kama mtu anayetembea juu ya godoro, akauweka chini bila ya kunyoa. Nilipomsindikiza ngazini aliniambia kwa sauti ya chini, "Dada, usikasirike. Lile jiwe lenu ni sahani. Mtu anaweza kulia wali pale. Mkono wako umelizoea, wangu unaanguka ndani. Lingekuwa bapa, ningenoa hata gizani."

Lingekuwa bapa. Nililala na neno hilo. Chuo kikuu tulikuwa tukisaga vipande vya mawe mpaka vikawa vyembamba hata vikapitisha mwanga. Kusawazisha uso wa jiwe ni kazi ya kwanza anayofundishwa mwanafunzi wa miamba. Palikuwa na nini hapa cha kunishinda? Kwa muda wa siku tatu, babangu aliposhuka barazani baada ya alasiri, nilishuka uani. Nilichekecha mchanga kwa chekeche la unga, nikaumwaga juu ya sakafu ya saruji, nikautia maji. Nikachora mistari ya penseli juu ya kinoo, kutoka ukingo hadi ukingo, nikakigeuza kifudifudi na kuanza kusaga. Mistari ya kingoni ilifutika upesi. Ya katikati, ndani ya bonde, ilikataa. Kila nilipokisuuza niliikuta ipo, na tope la kijani lilikuwa likiteremka mferejini, na nilijua ni tope la nini. Siku ya tatu mstari wa mwisho ukatoka. Nikaweka rula. Mwanga haukupita. Nakiri kwamba nilifurahi. Ilikuwa kazi safi, na nilikuwa nimesahau raha ya kufanya jambo ninalolijua.

Alhamisi kijana akaja. Akanoa, na mkono wake sasa haukuyumba.

"Leo jiwe lina sauti nyengine," babangu akasema.

"Ni mkono mgeni, Baba," nikamjibu. Nilimdanganya mtu asiyeona, na sikusita hata kidogo.

Kijana akampa wembe aujaribu. Babangu aliupitisha juu ya mkono wake, akaujaribu kwa tumbo la wembe, pale katikati, kama kila mtu afanyavyo, na nywele zikakatika kabla hazijajua. Akaridhika. Nikampaka povu. Kijana akaanza utosini, taratibu, akikisemesha kichwa kile, na upara ukatokea safi kama bakuli. Nilisimama dirishani nikijiona tayari nimo katika basi. Kisha akafika nyuma ya sikio, mahali pa punje ya kunde, panapotaka ncha ya wembe. Nikausikia wembe ukivuta. Babangu akajikunja, na uzi wa damu ukashuka shingoni mpaka kwenye kanzu.

"Nisamehe, mzee! Sijui imekuwaje. Hapa katikati unakata, huku kwenye ncha hauna kitu!"

"Nipeni jiwe," babangu akasema.

Nililileta. Alilipakata kama paka, akapitisha kiganja kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudia. Kisha akamgeukia kijana. "Huna kosa, mwanangu. Umepewa jiwe la mtu mwengine." Kijana akanitazama, akakusanya vitu vyake, akaaga.

Nilimsafisha damu. Nilipomaliza, ndipo akauliza.

"Ni wewe uliyelisawazisha?"

"Ni mimi."

"Wembe ule na bonde lile wamelana miaka arubaini. Jiwe likibonyea, wembe huota tumbo ulifuate. Sasa umemnyosha mmoja, mwenziwe umemwacha na tumbo lake. Hugusa katikati tu."

Nilikuwa nimesoma miaka minne jinsi vitu viwili vinavyosuguana vinavyochongana, na jambo hilo sikulifikiria hata mara moja. "Ungeniambia mapema, nisingeligusa."

"Ungeniuliza, ningekwambia."

"Nimepata kazi bara, Baba. Ya miamba. Wataka jibu Jumatatu."

Mkono wake ulikuwa bado juu ya jiwe. "Na jiwe ndilo lililokuwa likikuzuia?"

"Sikutaka kukuacha bila mtu wa kukunyoa."

"Mimi nilikukataza lini?"

Nilitafuta. Wallahi nilitafuta, katika miaka yote sita, siku moja tu ambayo aliniambia nisiende, na sikuipata. Kama ningeipata ningekuwa na katazo la kuvunja.

"Nenda, mwanangu," akasema. "Nywele zitaota tu. Sizioteshi mimi."

Nilimalizia kichwa kile kadiri tumbo la wembe lilivyoniruhusu. Juu palikuwa safi. Nyuma ya masikio na kisogoni palibaki vishungi vyeupe. Nikamwambia nimalizie kwa wembe wa kutupa. "Wacha," akasema, bila hasira, na akavaa kofia.

Ijumaa, baada ya sala, nilikuwa dirishani juu ya baraza yetu, nikikunja nguo. Wazee wenziwe walikuwa wamekaa chini yangu.

"Mzee, leo umeacha ukingo wa bustani?" mmoja akamwuliza.

"Hizo si nywele, hizo ni mbegu," mwengine akasema. "Yuwapanda upya."

"Kinyozi wangu yuwaenda bara," babangu akajibu.

"Bara! Kuna nini bara?"

"Mawe."

"Mawe?" Kicheko kikapanda mpaka kwangu. "Ngome ile pale mbele, mawe matupu, na hayana nauli! Mwambie akatazame hayo!"

"Mwacheni," babangu akasema. "Mtoto amesoma."

Alisema kwa fahari. Hilo ndilo lililoniumiza. Kama angesema kwa kinyongo ningefunga sanduku jioni ile. Mpaka magharibi mtaa mzima ulikuwa umeshajua. Mke wa jirani, ambaye ananiita mwanangu ingawa tumepishana miaka kumi, alinishika mkono mlangoni akaniambia, "Hongera, mwanangu. Mungu akufungulie njia. Na mzee tutamtazama, usijali, tutamtazama tu," na macho yake yakapanda juu, kwenye dirisha la babangu, yakabaki huko.

Jumatatu niliwaandikia wale wa chuo. Sikukataa. Niliomba miezi miwili, kwa sababu za kifamilia. Ningeandika nini? Kwamba nimeharibu wembe wa babangu na siwezi kuondoka mpaka niurudishe katika hali ya kunyoa? Na bado huo ndio ulikuwa ukweli, au ule ukweli niliouchagua. Nilijiambia: kilichoharibiwa na mimi kitengenezwe na mimi, kisha nitakwenda nikiwa huru. Walinijibu baada ya siku mbili, kwa upole mwingi, kwamba masomo hayasubiri, na nafasi wamempa aliyenifuata. Niliisoma barua hiyo nimesimama jikoni. Kisha nikalowesha kinoo.

Kuutoa wembe tumbo si kazi ya siku moja. Kila jioni niliusaga juu ya jiwe bapa, kwa mkono mwepesi, maana chuma kikipata moto makali hufa. Babangu alikaa kitini pake akisikiliza. "Ncha haijagusa. Kisigino kimeanza. Bado." Alikataa kunyolewa kwa chochote kingine, na wiki baada ya wiki nywele zake zikaota. Nilikuwa sijapata kuziona. Zilikuwa nyeupe na laini kama sufi, na zilimfanya aonekane kama mtu mwengine, mdogo zaidi, ambaye ningeweza kumwuliza mambo. Sikumwuliza. Mwili wangu wenyewe ulikuwa na vita vingine: mkono wangu, uliofundishwa na bonde, ulikuwa ukiteremka mahali ambapo hapakuwa tena na mteremko, na kila mara ilinibidi niusimamishe.

Wiki ya saba jiwe likanyamaza kutoka kisigino hadi ncha. Babangu aliujaribu wembe kwa ncha yake kwanza, safari hii, kisha kwa kisigino, na tumbo akaliacha la mwisho. "Mwite yule kijana," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mimi nipo, Baba."

"Najua upo. Mwite. Jiwe ni bapa sasa, na wembe umenyooka. Yeyote ajuaye kunoa ataunoa. Si ndivyo ulivyotaka?"

Kijana alikuja, mwanzoni kwa woga. Akanoa mwenyewe, kama kanuni inavyotaka. Sufi ikaanguka begani mwa babangu na kwenye mkeka, na kile kichwa ninachokijua kikarudi kidogo kidogo, na kovu lake, na punje yake ya kunde, ambayo kijana aliizunguka kwa ncha ya wembe bila ya kuigusa. Mimi nilishika bakuli la povu. Hapakuwa na kingine cha kushika.

"Kichwa chako ni kizuri, mzee," kijana akasema. "Hakina deni."

"Deni lake liko ndani," babangu akamjibu, na wote wawili wakacheka.

Baada ya kumsindikiza, nilimkuta babangu akijipapasa upara kwa viganja vyote viwili, kama anayeosha uso. Sikuwa nimemwambia kuhusu ile barua ya pili. Aliugeuza uso wake kuelekea mahali alipodhani nimesimama, akakosea kidogo.

"Sasa waweza kwenda," akasema. "Hakuna kinachokuzuia."

Alikuwa na furaha. Alikuwa amenitengenezea jambo hilo kwa wiki saba, akilisikiliza likikaribia, na kila "bado" aliyoisema alikuwa akiisema kwa ajili ya safari yangu.

"Inshallah, Baba," nikasema.

Hayo ni mwaka na nusu sasa. Kijana huja kila Alhamisi. Huwa natafuta la kufanya jikoni saa ile, lakini nyumba zetu hazifichi sauti, nami najua kwa masikio tu wembe umefika wapi. Akishaondoka, nalisuuza jiwe na kulikausha, ingawa yeye huliacha safi. Juzi nilichukua penseli nikachora mistari juu yake, kutoka ukingo hadi ukingo, nikaupitisha wembe mara ishirini. Mstari wa katikati ulichelewa kufutika, kama ile ya bonde la zamani. Nikaufuta kwa kidole, nikalirudisha jiwe mahali pake, na babangu, kutoka chumba cha pili, akauliza nilikuwa nikinoa nini.